Dramu za Umeme au za Kawaida? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapigaji wa Bagamoyo

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara, kutoka kwa wanafunzi wa muziki, walimu wa kwaya, na wazazi ambao mtoto ameshabonyeza masufuria yote ya nyumbani. Yamepewa namba ili jibu moja likupeleke kwenye jingine. Hapa "dramu za kawaida" ni zile za mizinga ya mbao na matoazi ya shaba. "Dramu za umeme" ni zile za pedi na moduli. Neno "ngoma" tumewaachia chapuo, msondo na wenzao.

## Mambo ya mwanzo

1. Tofauti yake hasa ni ipi?

Dramu ya kawaida inalia yenyewe. Stiki inagonga ngozi (siku hizi ni plastiki, jina tu limebaki), hewa iliyo ndani ya mzinga inatikisika, ngozi ya chini inaitikia. Dramu ya umeme hailii. Ndani ya kila pedi kuna kihisio bapa cha upana wa sarafu, kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme mdogo. Umeme huo unapita kwenye kebo hadi kwenye moduli, na moduli ndiyo inayoamua itoe sauti gani na kwa nguvu kiasi gani.

Kwa hiyo unaponunua dramu za umeme, hasa unanunua moduli. Pedi hubadilishika. Moduli ikifa, umebaki na stendi.

2. Ndiyo kwanza naanza. Ninunue ipi?

Usianze na sauti uliyoisikia dukani. Dukani kila kitu kinalia vizuri. Anza na maswali mawili: utafanyia mazoezi wapi, na utapiga mbele ya watu ukiwa wapi? Anayekaa chumba cha kupanga Magomeni, ukuta mmoja na familia nyingine, hawezi kupiga dramu za kawaida hata nusu saa kwa siku, na mpigaji asiyefanya mazoezi hana haja ya dramu nzuri. Huyo achukue za umeme. Aliye na banda shambani au ukumbi wa kanisa unaofungwa siku za katikati ya wiki achukue za kawaida, kwa sababu mkono unajifunza mengi zaidi kwenye kitu kinacholia chenyewe (swali la 13).

Bajeti ikiwa ndogo sana, dramu za kawaida za mtumba zenye mizinga mizima ni bora kuliko dramu za umeme za bei ya chini kabisa. Mizinga hiyo utaiwekea ngozi mpya na kuikaza vizuri, nayo italia. Moduli mbovu haina dawa.

3. Seti kamili ina nini, na nini huwa hakimo kwenye boksi?

Seti ya kawaida ya vipande vitano ina kiki, snea (ile yenye nyaya chini yake), tomu mbili za juu na tomu ya chini. (Kiki ni dramu kubwa ya mguu. Si ile ya mitandaoni.) Vipimo vinavyopatikana kwa wingi ni kiki ya inchi 22, snea ya inchi 14, na tomu za inchi 12, 13 na 16. Matoazi hayahesabiwi kwenye "vipande vitano", na hapo ndipo wengi wanapokwama: haihati ya inchi 14 (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu), kreshi ya 16 (toazi la mkazo) na raidi ya 20 (toazi la kushikia mwendo) mara nyingi huuzwa peke yake, na zikiwa nzuri zinaweza kuizidi bei mizinga yote. Uliza pia kuhusu kiti na pedali.

Kwenye za umeme, boksi huwa na pedi, moduli, fremu, kebo na adapta. Kinachokosekana mara nyingi ni kiti, hedifoni, na kwa seti nyingi pedali ya kiki. Spika kwa kawaida haimo.

Stiki: mtu mzima aanze na 5A, mtoto na 7A ambayo ni nyembamba kidogo.

## Kelele na majirani

4. Dramu za kawaida zina kelele kiasi gani hasa?

Kwenye sikio la mpigaji ni kati ya desibeli 100 na 120, kutegemea mkono na ukumbi. Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda hukatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Mlio mwembamba masikioni baada ya mazoezi si uchovu. Ni sikio linaloumia, na likishaumia halirudi. Vizibo vya masikio vya sponji ni vya bei ndogo na vinatosha kuanzia.

Upande wa jirani, tatizo kubwa si ukuta bali ni juu yake. Nyumba nyingi zetu kuta za vyumba haziendi mpaka kwenye bati, na pasipo dari sauti inapanda na kushukia chumba cha pili kana kwamba mlango uko wazi. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina kuta nene zinazozuia vizuri, lakini hata huko sauti inatoka dirishani na chini ya paa.

5. Kwa hiyo za umeme hazisikiki kabisa?

Zinasikika. Ukivaa hedifoni wewe unasikia bendi nzima, na aliye chumba cha pili anasikia *tak tak tak* ya stiki kwenye pedi na mguu wako ukigonga sakafu. Pedi za mpira zina kelele zaidi. Pedi za wavu ni tulivu na zinarudisha stiki vizuri. Kukiwa na uwezo, snea angalau iwe ya wavu, kwa sababu ndiyo inayopigwa kuliko zote.

Mtikisiko wa kiki ndio unaoleta ugomvi. Kwenye sakafu ya saruji iliyomwagwa juu ya ardhi haufiki mbali. Kwenye ghorofa, au sakafu ya mbao ya nyumba za zamani, unashuka moja kwa moja kwa wa chini. Dawa yake ni jukwaa dogo: plaiwudi mbili za milimita 18, moja juu ya nyingine, na katikati yake mipira ya tenisi 20 hadi 30 iliyokaa kwenye matundu ya milimita 40 yaliyokatwa plaiwudi ya chini, ili isibingirike. Plaiwudi ya juu isiguse ukuta. Mpira mmoja kila sentimita 30 hivi, na izidi pale kinapokaa kiti, maana uzito wako wote uko hapo.

6. Nimeshanunua za kawaida. Nizipunguzeje sauti?

Ziko njia tatu, na nguvu yake si sawa. Ya kwanza, blanketi ndani ya kiki na kitambaa juu ya tomu: inakata mvumo, haikati mpigo, jirani bado analalamika. Ya pili, vifuniko vya mpira au sponji juu ya kila dramu na toazi: sauti inashuka sana, ila mkono unahisi kama unagonga godoro. Ya tatu ni kubadilisha ngozi zote za juu kwa za wavu na kuweka matoazi yenye matundu matundu. Hii ndiyo inayofanya kazi kweli, stiki inarudi vizuri, na siku ya shughuli unarudisha ngozi zako. Gharama yake hukaribia seti ndogo ya umeme, kwa hiyo piga hesabu kwanza.

Trei za mayai ukutani hazizuii sauti kutoka. Zinapunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba, na zinaita mende.

7. Mazoezi yafanyike saa ngapi, na kibali kinahitajika?

Mazoezi ya nyumbani hayana kibali maalumu, lakini kelele zina sheria: kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinasimamiwa na NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, na usiku kiwango kinachoruhusiwa makazini ni cha chini kuliko mchana. Kabla hujafika huko kuna mjumbe na mwenyekiti wa mtaa. Nenda kajitambulishe wewe kwanza kabla hujaitwa. Kata nyakati za adhana na swala, na mwezi wa Ramadhani panga upya kabisa: saa za daku na tarawehe si za kugonga kiki. Saa 10 hadi saa 12 kasoro jioni huwa ndiyo nafasi yenye lawama ndogo, maana mtaa wenyewe una kelele zake.

## Umeme

8. Umeme ukikatika inakuwaje?

Mwenye za kawaida anaendelea kupiga. Hilo peke yake limewafanya walimu wengi wa kwaya wasizitake za umeme, na hawajakosea.

Hatari lakini si kukatika, ni kurudi. Umeme unaporudi hupanda ghafla, na adapta nyepesi zinaungua hapo. Ukikatika, chomoa adapta ukutani. Usizime swichi ya moduli tu. Ukirudi, subiri dakika tano ndipo uchomeke. Kile kifaa cha kulindia friji kinachochelewesha umeme kinafaa pia kwa dramu, ila kinunuliwe kizima, si kile kilichochomolewa kwenye friji lililokufa.

Adapta ikiungua, usichukue yoyote inayoingia. Soma tatu: volti (moduli nyingi ni 9 au 12), ampea (ziwe sawa au zaidi, zisipungue), na ule mchoro wa duara unaoonyesha kama katikati ya pini ni chanya au hasi. Kukosea hilo la tatu kunaua moduli mara moja.

9. Naweza kutumia jenereta, sola au betri ya gari?

Moduli inakula umeme mdogo sana. Yenye adapta ya volti 12 na ampea 1 haizidi wati 12, sawa na taa moja. Betri ya volti 12 yenye Ah 7, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inakupa kama saa 3 kupitia inveta ndogo. Inveta ya wimbi safi ni bora. Zile za bei rahisi huleta mngurumo kwenye spika.

Usiunganishe moduli moja kwa moja kwenye betri ya gari, hata kama zote zimeandikwa 12. Gari likiwaka betri inafika volti 14 na zaidi, na moduli ya volti 9 haihimili hata hizo 12. Kwa jenereta ndogo, zima dramu kabla ya kuzima jenereta au kabla mafuta hayajaisha, kwa sababu inapokata pumzi volti zinayumba.

## Chumvi, unyevu na jua

10. Karibu na bahari, ipi inadumu zaidi?

Hili ndilo swali ambalo vitabu vya maelekezo kutoka nje havilijibu. Hewa ya chumvi inakula zote mbili, kwa namna tofauti: dramu za kawaida huugua polepole, za umeme hufa ghafla.

Kwenye za kawaida, kutu huanzia kwenye rimu (pete inayobana ngozi), skrubu za kukazia, chemchemi ya pedali na nyaya za chini ya snea. Unaiona, unaifuta, unaendelea. Kila baada ya kupiga, pitisha kitambaa kikavu kwenye vyuma vyote. Kila baada ya miezi mitatu toa skrubu moja moja, ifute, ipake mafuta ya mgando kidogo kwenye nyuzi, irudishe. Skrubu iliyoganda kwa kutu ukiilazimisha inakatikia ndani, na hapo unatafuta nati mpya ya mzinga. Jihadhari pia na mafundi wa hadweya: skrubu za dramu nyingi zina nyuzi za kipimo cha 12-24, kinachoangukia kati ya M5 na M6. M5 inacheza, M6 inaua nyuzi. Agiza za dramu zenyewe.

Mizinga ya mbao haiogopi unyevu peke yake. Inaogopa unyevu na joto kwa zamu. Iliyokaa masika nzima chumba kisicho na hewa, kisha ikatolewa juani, gundi ya tabaka zake inaachia. Na isikae sakafuni ikiwa imegusana na ukuta: mchwa hawaulizi bei.

Kwenye za umeme, chumvi inakaa mahali usipopaona, ndani ya matundu ya jeki na kwenye pini za kebo nene inayoingia kwenye moduli. Dalili ya kwanza ni pedi inayokata na kurudi. Puliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme (si mafuta ya kulainishia kitasa), chomeka na kuchomoa jeki mara kumi, acha ikauke. Moduli ilale ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usiifunike kwa nailoni ikiwa bado ya moto. Jasho lake litabaki ndani.

11. Ngozi ya dramu ikilegea, naweza kuiota moto kama ngoma?

Hapana. Ngozi ya ng'ombe au mbuzi ikiota moto inakauka na kukaza. Plastiki inajikunja na kuharibika moja kwa moja. Ngozi za plastiki zilienea kuanzia mwaka 1957 kampuni ya Remo ilipoanza kuziuza, na sifa yake kubwa ilikuwa hiyo hiyo: hazilegei kwa unyevu. Zikilegea ni skrubu zilizolegea.

Kuwamba upya ni hivi. Toa ngozi, futa mdomo wa mzinga, weka ngozi na rimu, kaza skrubu zote kwa vidole mpaka zigome. Kisha kwa ufunguo, nusu mzunguko kila moja, ukivuka upande wa pili kila mara. Usiende kwa kuzunguka duara, ngozi italala upande. Gonga sentimita tatu kutoka kila skrubu: mlio ulio chini kaza robo, ulio juu legeza robo. Ngozi ya chini ya snea ni nyembamba mno, kama robo tatu ya sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo huko kaza kidogo kidogo na usiiguse kwa stiki kamwe. Ukinunua ngozi ya snea, taja juu au chini.

## Kanisani na jukwaani

12. Ukumbi wetu wa kanisa una bati na vigae. Tuchukue zipi?

Ukumbi wa namna hiyo unarudisha sauti mara tatu. Dramu za kawaida zitafunika kwaya, mtu wa mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) atapandisha maikrofoni, maikrofoni zitapiga mluzi, na lawama zote zitamwangukia mpigaji. Kwa waumini chini ya mia moja ndani ya ukumbi mgumu, za umeme ni jibu zuri, kwa sababu sauti yake iko kwenye kitasa kimoja.

Masharti yake: moduli iingie kwenye mikisa kupitia kisanduku cha DI (kinachozuia mngurumo kwenye kebo ndefu) kama kebo inazidi mita tano, mpigaji na waimbaji wawe na spika ya kujisikilizia (bila hiyo mpigaji hajisikii kabisa), na mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kugusa mipangilio. Moduli inayochezewa na kila kijana wa kwaya ikifika Jumapili imebaki na sauti za roboti.

Mkiwa tayari na za kawaida, msiziuze. Tandikeni kapeti chini, piteni swali la 6, na mpeni mpigaji stiki za fito nyembamba zilizofungwa pamoja. Hizo peke yake zinashusha sauti kwa kiasi cha kusikika.

13. Nikijifunza kwenye za umeme, nitaweza za kawaida?

Mikono na miguu itajua cha kufanya. Kitakachokushinda wiki za kwanza ni mizani. Kwenye moduli haihati ikizidi unaishusha kwa kitasa. Kwenye za kawaida kitasa ni kifundo cha mkono wako. Waliozoea za umeme hupiga matoazi kwa nguvu mno na kiki kwa ulegevu. Pia matoazi ya kweli yana sauti kumi kulingana na ulipogonga, na pedi ina mbili au tatu.

Anayelenga majukwaa kama la Tamasha la Bagamoyo pale TaSUBa, Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981, apange angalau siku moja kwa wiki kwenye dramu za kawaida. Majukwaa ya bendi kadhaa huwa na seti moja ya kawaida iliyofungwa tayari, na mpigaji anakuja na snea, matoazi, pedali na stiki zake.

14. Naweza kuunganisha dramu za umeme kwenye redio ya nyumbani au ampu ya gitaa?

Kwa sauti ya chini, kwa kujisikiliza, ndiyo. Ukiongeza, kiki itapasua spika ya redio, maana mpigo wake ni wa ghafla na haujabanwa kama wimbo uliorekodiwa. Ampu ya gitaa haitoi chini wala juu. Dramu zitasikika kama zimo ndani ya debe. Kinachofaa ni spika ya muziki yenye ampu yake ndani, ya inchi 10 au 12.

## Kununua mtumba

15. Nikague nini kwenye dramu za kawaida?

Nenda na tochi na ufunguo wa dramu. Toa ngozi moja, weka mdomo wa mzinga juu ya kioo au meza iliyonyooka, weka tochi ndani, zima taa. Mwanga unaopenya chini unaonyesha mdomo ulioliwa. Hiyo haitakubali kukazwa sawa, hata kwa ngozi mpya. Rimu iliyopinda inanunulika. Mzinga ulioacha umbo la duara usinunue.

Toazi lishike kwa kidole katikati, ligonge pembeni, lisikilize. Mkwaruzo ni ufa. Angalia tundu la katikati: likiwa limekuwa na umbo la tundu la ufunguo, limepigwa bila mpira wa kulinda kwenye stendi. Ukifika nalo nyumbani, weka mpira na sufi juu na chini, na nati isikazwe. Toazi lililobanwa ndilo linalopasuka. Rangi inayong'aa sana kwa manjano mara nyingi ni shaba na zinki, sauti yake kama sinia. Mazuri ya kati ni shaba yenye bati asilimia 8, na ya juu asilimia 20.

16. Na za umeme?

Usinunue kabla haijawashwa, na usikubali maneno ya "adapta tu ndiyo imepotea" (swali la 8). Vaa hedifoni, gonga kila pedi kutoka taratibu hadi kwa nguvu, katikati na kwenye ukingo. Sauti inapaswa kupanda ngazi kwa ngazi. Ikiruka kutoka kimya hadi mlipuko, kihisio kimebanduka. Fungua haihati kwa mguu polepole: lazima upate sauti ya nusu. Tikisa kila kebo. Zungusha kitasa cha moduli. Namba zikirukaruka, kimechoka, ingawa fundi wa redio anaweza kukibadilisha.

Uliza umri. Pedi za wavu zilikuja na V-Drums za Roland mwaka 1997. Zile za pembe sita za Simmons za mwaka 1981 zina historia tamu na zilikuwa ngumu kama meza, ziwe pambo.

17. Kutoka Kariakoo hadi Bagamoyo nizibebeje?

Kilomita 70 hivi. Toa ngozi za upande mmoja na uingize tomu ndogo ndani ya kubwa, zote ndani ya kiki, kitenge katikati ya kila moja. Matoazi yasafiri wima, kamwe yasilale chini ya mzigo. Moduli usiipandishe juu ya gari wala kuiweka kwenye buti la basi: ikae mapajani kwako.

## Ya pembeni

18. Hedifoni za bluutufu zinafaa?

Hazifai. Sauti inachelewa kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Utagonga sasa na kusikia baadaye, na mkono utaanza kukimbia ili uiwahi. Tumia za waya, zinazofunika sikio lote.

19. Kwenye za umeme, nagonga tomu, snea inalia. Au napiga mara moja inalia mara mbili. Kwa nini?

La kwanza ni mtikisiko unaopita kwenye fremu. Kaza viungo vya fremu, hakikisha pedi mbili hazigusani, kisha ndani ya moduli pandisha kipimo cha kuzuia pedi jirani, hatua moja moja. Ukizidisha, mapigo ya pamoja yatamezwa. La pili: wavu umelegea, au muda wa kupuuza pigo la pili ni mfupi mno. Kaza wavu kwanza kama ilivyo swali la 11, ndipo uguse moduli.

Ukingo ukikataa kulia kabisa, angalia kebo. Ya gitaa ina mstari mmoja mweusi kwenye jeki na hubeba sauti moja. Pedi ya kanda mbili inataka jeki yenye mistari miwili.

20. Mimi ni mpigaji wa mkono wa kushoto.

Za umeme: hamisha pedi tu, kebo zibaki na majina yake. Za kawaida: geuza mpangilio wote. Jukwaani kwa wageni hutapewa muda huo, kwa hiyo jifunze pia kupiga haihati kwa mkono wa kushoto bila kuvuka mikono.

21. Naweza kupata sauti ya chapuo na msondo kwenye dramu?

Moduli za kiwandani zina tumba na bongo za Kuba, ngoma za kwetu hazimo. Tafuta pedi ya sampuli inayopokea faili za WAV. Rekodi ngoma yenyewe ikiwa imewambwa na kuota moto vizuri, maikrofoni sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye ngozi: mapigo matatu ya taratibu, matatu ya kati, matatu ya nguvu, ya kiganja na ya vidole. Hifadhi kwa kilohezi 44.1 na biti 16. Kata kimya cha mwanzo wa kila faili mpaka ncha ya mpigo, la sivyo itachelewa. Na mlipe mpigaji uliyemrekodi.

Ukiifunga pedi hiyo pembeni ya dramu za kawaida, ipe stendi yake. Ikishikwa kwenye stendi ya toazi au juu ya kiki, kila mguu ukishuka msondo utalia bila kuitwa. Kama hakuna namna, weka kipande cha mpira wa tairi kwenye kibano na upandishe kizingiti cha pedi mpaka kiki peke yake isiiamshe.